Suti ya Kijivu, Saizi ya Dastan

Korona ilipowatia watu hofu ya kukusanyika, harusi za Mbeya ziliadimika, na duka la Bi Asmaa pale Mwanjelwa likabaki na suti za kuvalisha bunge zima, bila bwana harusi hata mmoja. Bi Asmaa akawaita mafundi wake wawili, Tekla na Amos, akakaa nyuma ya meza kama hakimu wa Mahakama ya Rufani.

"Wanangu, wateja hawaji tena dukani. Wako kwenye simu. Mwisho wa mwezi nitabaki na fundi anayejua kuwafuata huko. Wa pili nitamwombea dua."

Amos alikuwa na simu ya kitochi iliyofungwa raba. Tekla alikuwa na simu ya tachi, ila aliitumia kupigia na kumulika umeme ukikatika, basi. Ikabidi amgeukie mdogo wake Dastan, aliyekuwa amelala kwenye kochi lake.

Huyu Dastan alikuwa mhudumu katika hoteli moja ya watalii Iringa. Watalii walipokoma, hoteli ikampa mkono wa kwaheri, naye akaja Mbeya kumsaidia dada yake kumaliza mchele wa Ubaruku. Kazi hiyo aliifanya kwa moyo wote.

"Dada, kuanzia leo mimi ni mwalimu wako. Niamkie."

"Nikuamkie wewe? Nimekubeba mgongoni!"

"Haya, leo nakusamehe. Toa simu."

Akamfundisha kupiga picha kwenye mwanga wa dirishani, kuondoa ndoo na mafagio nyuma ya picha, kuweka stetasi ya WhatsApp, kumjibu mteja kabla hajahamia duka la jirani. Tekla aliandika kwa kidole kimoja, akibonyeza kama anaua chawa. Siku ya kwanza akatuma bei ya suruali kwenye kundi la kwaya ya usharika. Mchungaji akajibu kwamba atachukua mbili.

Modo wa kuvalishwa suti alikuwa Dastan mwenyewe, kwa kuwa hakudai malipo. Alikuwa mwembamba kama ufito, kwa hiyo koti lilibanwa mgongoni kwa vibanio vya nguo, na mbele akaonekana balozi. Kila asubuhi alitokea kwenye stetasi: Dastan anatazama saa ambayo hakuwa nayo, Dastan amekunja nne, Dastan anaangalia mbali kama mmiliki wa mashamba ya chai Mufindi. Chini yake maneno ya kijeuri: "Ukikosa mchumba na hii, tatizo si suti." Watu wakacheka, wakauliza bei, wakaanza kununua. Bi Asmaa akaanza kulivuta lile "mwanangu" la Tekla hadi likawa refu kuliko la Amos.

Mwezi ulipokaribia kuisha, Dastan akaenda kwao Nyololo kumsaidia mama yao kuvuna viazi. Siku chache baadaye akapiga simu, sauti imekauka.

"Kikohozi tu, dada. Baridi ya huku ina meno."

"Umeenda hospitali?"

"Nitaenda. Umeweka stetasi leo?"

"Dastan!"

"Nauliza tu, bosi."

Wakampeleka Iringa, wakamwekea oksijeni. Siku zile watu hawakuutaja ule ugonjwa kwa jina. Walisema changamoto ya upumuaji, kana kwamba mgonjwa ana somo gumu atakalolirudia muhula ujao. Mjomba Liberatus alipopiga simu, hata hilo hakulisema. Alisema, "Tekla mama, kaa chini kwanza." Tekla alikuwa amekaa tayari, kwenye cherehani. Akasimama.

Stendi, akisubiri basi, alifungua picha za mdogo wake. Akachagua ile ya suti ya kijivu, ambayo hawakuwahi kuitumia kwa sababu Dastan alicheka meno yote nje. Kwao mtu akifariki unaweka picha yake, na watu wanajua. Alitaka kuandika neno chini yake, kidole kikakataa. Akaiweka hivyo hivyo.

Basi lilikuwa halijafika Chimala simu ikaanza kuita ujumbe baada ya ujumbe. Akajua ni pole.

"Hii ya kijivu kiboko! Bei gani?"

"Leo kaka kacheka, mmemlipa nini?"

"Nitunzie, nakuja Jumamosi."

Kisha Bi Asmaa akapiga, anahema kwa furaha. "Tekla mwanangu! Ya kijivu wanaigombania! Amos nimeshamwambia, kwa upole. Wewe unabaki."

Ndilo neno ambalo Tekla alikuwa amelisubiri mwezi mzima. Sasa halikumwingia hata sikioni.

"Mama, Dastan amefariki."

"Inna lillahi," Bi Asmaa akanong'ona, kisha simu ikakatika.

Walipokaribia Makambako, ukungu ukiwa umeziba vioo, mteja mmoja wa Tanga akauliza, "Dada, bado ipo?"

Tekla akaandika: "Hayupo."

Jibu likaja upesi. "Hahaha! Suti ni HAIPO, dada! Watu wa bara mnakiua Kiswahili. Haya, ipo au haipo?"

Tekla aliutazama ujumbe ule mpaka kioo cha simu kikazimika. Akakiwasha. Kazi alikuwa nayo sasa, na mteja alikuwa anasubiri.

"Samahani," akaandika. "Haipo. Lakini ya bluu ipo. Nikirudi nitakupigia picha."

"Sawa," mteja akajibu. "Mvalishe huyo huyo kaka. Anapendeza."