Farasi Hacheui

Lemburis alikuwa amechunga ng'ombe kwa miaka hamsini na mitano, na kwa habari za ng'ombe hakuna mtu Kisongo aliyethubutu kumbishia. Majirani walimwita ndama akikwama, wakamwita wakitaka kununua dume, wakamwita hata wasipokuwa na shida, ili mradi akae na kusema neno. Sifa hizo alizipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Ndiyo maana Mama Sia alipomwajiri na kumkabidhi Kahawa, farasi jike aliyeachwa na marehemu mumewe kwenye shamba lao la hapo Kisongo, mzee aliipokea kamba kama mtu aliyepewa ng'ombe mrefu tu.

Mama Sia alikuwa na duka la vitambaa mjini, Kaloleni. Kumpanda farasi hakujua, lakini kila Jumapili baada ya ibada alikuja kumpiga brashi, kwa sababu Kahawa alikuwa bado anasimamisha masikio kila geti lilipofunguliwa, akidhani ni yule bwana anarudi. Siku nyingine alipiga simu asubuhi na mapema, swali lake lile lile: "Shikamoo mzee. Kahawa amekula?"

Jumatatu Lemburis aliona kupe masikioni mwa farasi. Akajaza bomba la mgongoni dawa ya kupe ya ng'ombe, akakoroga kwa kipimo cha dume lake mwenyewe, akamwogesha Kahawa kuanzia masikio hadi kwato. Akaridhika na kazi yake.

Jumanne asubuhi simu ilipolia, Kahawa alikuwa amelala chini. Majani ya jana yalikuwa palepale, na sakafu ya banda ilikuwa safi, haina hata kipande cha mavi. Taya lake lilikuwa linatembea polepole.

"Yuko mzima kabisa, mama," Lemburis alisema. "Amelala, anacheua."

"Anafanya nini?"

"Anacheua."

Mama Sia hakujua mengi, lakini miaka kumi na saba na mtu mpenda farasi humwachia mke maneno mawili matatu. Akakata simu bila kuaga, na haikupita saa moja akawa amefika na Daktari Nice wa mifugo, binti mwembamba aliyevaa buti za mvua.

"Shikamoo babu," daktari alisema, huku tayari amepiga magoti. Aliweka kifaa cha kusikilizia kwenye ubavu wa Kahawa, akahamisha, akahamisha tena. "Tumbo liko kimya. Babu, farasi hacheui, hana tumbo la kucheulia. Huyu anasaga meno kwa maumivu."

Lemburis alitazama ukuta. Uso ulimwaka moto, mtu mzima kama yeye, mbele ya mabinti wawili.

Daktari alianza kuvuta dawa kwenye sindano. "Namtuliza kwanza, nipate kumpitishia mpira puani hadi tumboni. Amepewa dawa yoyote wiki hii?"

"Hajapewa," Lemburis alijibu.

Na hakusema uongo, alijiambia. Kupewa ni kupitia mdomoni, au kwa sindano. Kuogeshwa ni kuogeshwa, neno jingine kabisa. Alijibanza nyuma ya neno hilo huku daktari akipapasa shingo ya farasi akitafuta mshipa. Hakuogopa kufukuzwa, maana ng'ombe wake wangemlisha. Aliogopa Kisongo nzima ije kuambiwa kwamba Lemburis hajui mnyama. Halafu Kahawa akageuza kichwa, akamwangalia, na masikio hayakusimama.

"Ngoja!" alisema. "Hajapewa, lakini ameogeshwa. Mimi nimemwogesha. Dawa ya ng'ombe."

Akaleta chupa. Daktari alisoma, akairudisha sindano mkobani taratibu sana.

"Dawa hii kwa ng'ombe haina neno. Kwa farasi inalaza utumbo. Na ile sindano niliyotaka kumchoma inalaza pia. Ningeichoma, babu, tungekuwa tunaongea habari nyingine."

Wakamwosha kwa sabuni na maji, ndoo baada ya ndoo. Daktari akapitisha mpira bila ile sindano, huku Lemburis ameshikilia kichwa na kumnong'oneza Kahawa kwa Kimaasai, kisha daktari akampa farasi dawa nyingine aliyoifuata mjini. Mama Sia alibeba maji hadi gauni likalowa lote. Hakumwambia Lemburis neno hata moja, na alipoondoka jioni hakuaga.

Jumatano asubuhi simu haikulia. Lemburis aliitazama mara nyingi. Akamtembeza Kahawa uani, akasimama, akaweka sikio ubavuni, akamtembeza tena. Karibu saa nne alisikia mngurumo mdogo ndani. Saa sita Kahawa aliinua mkia.

Katika maisha yake yote Lemburis hakuwahi kumpigia mama wa watu simu ya namna hiyo.

"Mama Sia," alisema. "Amekunya."

Upande wa pili kulikuwa na kelele za wateja, kisha mlango ukafungwa, kisha akamsikia analia. Lemburis alikuwa tayari kwa lolote, hata kuambiwa aache kamba aende kwake.

"Mzee," Mama Sia alisema mwishowe, akipenga kamasi, "na wewe umekula?"