Fishi ya Mama Mkwe

Mume wangu Viateur hakuwahi kumtazama mama yangu usoni. Wakikutana njiani, yeye alishuka kwenye mawe akamwachia njia nzima. Mama akiwa sebuleni, yeye alikula chumbani. Ndivyo kwetu mkwe anavyomheshimu mama wa mke wake, na mimi niliringa kwa heshima hiyo. Nilikuwa mjinga.

Mwaka wa 1956 mama, jina lake Mukamugema, alitoka Rutshuru akaja kwangu Goma na uvimbe kwenye titi. Daktari Mzungu alipita kila Jumanne, lakini watu walipanga mstari tangu alfajiri, na mimi nilikuwa mke wa infirmiye, yaani muuguzi. Mama yangu apange mstari na wachuuzi wa samaki, kwa nini? Nikampeleka kwa Viateur kwenye dispanseri.

Yaliyotokea ndani alinisimulia Viateur mwenyewe jioni ile, akicheka kidogo kwa aibu. Mama aliketi akampa mgongo. Yeye akasimama mlangoni akitazama ukuta. Aliuliza, mama akajibu. Kisha akajaza fishi ya mama, karatasi ya mgonjwa: titi limepimwa, ni jipu, achomwe penisilini. Mwenzake Modeste alikuwa chumba cha pili, hakumwita. Ningeweza kumwambia palepale, "Wewe, hujapima kitu!" Badala yake nilicheka naye.

Modeste alimchoma mama sindano za mkono, kama fishi ilivyosema. Uvimbe ukabaki, akachomwa tena, na tena. Mwezi wa nane tangu aje, ukapasuka. Ndipo nilipompeleka kwa daktari. Akasema ni kansere, na kwamba angeiona mwanzoni angeikata. Sasa hakuna la kufanya. Mficha maradhi kifo humuumbua, husema watu. Lakini mama hakuficha. Alikuja kwetu akasema.

Kaka yangu Habarurema akamshtaki Viateur kwa wazee wa tribinali. Alidai ng'ombe mmoja na neno la kukiri kosa. Viateur akakana, akategemea fishi. Nyumbani aliniomba ninyamaze: ikijulikana aliandika uongo, Wazungu watamfukuza kazi, na watoto wetu wanne watakula nini?

Siku ya kesi fishi ikasomwa kwa sauti. Kisha mkubwa wa wazee akamgeukia mama, aliyekuwa amejifunga shuka mbili.

"Mama, huyu alikuangaliaka?"

"Ni mukwe wangu," mama akasema. "Mukwe haangaliake. Aliniheshimu. Sina maneno na yeye."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Kila mmoja wao alikuwa mkwe wa mtu. Nikaona kesi inakwisha hivyo hivyo, mama anaoza kwa adabu. Nikasimama.

"Heshima ni sawa! Lakini juu ya nini aliandika ati alipima, na hakupima? Angesema 'siwezi', Modeste angemupima, ao tungengoja daktari. Yeye mwenyewe aliniambiaka: alikuwa anaangalia ukuta!"

Viateur akainamisha kichwa. Mkubwa wa wazee akamwambia karani aandike maneno yangu. Halafu akanitazama mimi.

"Na wewe, mama Dancille? Uko mwanamuke, uko mutoto wake. Miezi munane analala kwako. Wewe uliangaliaka?"

Nilikuwa na mume infirmiye. Nilikuwa na karatasi. Sikuwahi hata siku moja kumwomba mama ashushe nguo.

"Hapana, muzee," nikasema.

Ng'ombe alitolewa. Maneno aliyoandika karani yakawafikia Wazungu, na kabla mwezi haujaisha Viateur alifukuzwa kazi, tukaanza kuishi kwa viazi vya shamba la watu. Hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko kama angenigombeza. Mama alirudi Rutshuru kwa Habarurema.

Nilimfuata huko. Asubuhi nikachemsha maji, nikaingia na beseni nimwoshe. Akashika nguo kifuani kwa mikono miwili.

"Acha," alisema. "Ulinivua nguo mbele ya wanaume. Inatosha."

"Mama, nilitaka haki yako."

"Sikukuomba haki."

Wifi yangu Marie-Louise akalichukua beseni mikononi mwangu, akafunga mlango. Niliketi nje nikasikia maji yakimwagwa, na mama akiguna. Alikufa baada ya wiki mbili. Kidonda kile sikukiona hata mara moja.