Kitunguu cha Buluu cha Dada Verla

Kila Julai vitunguu vyetu vya maua, vile vya kupamba bustani tu, hukauka, na ile mipira yake ya maua ya zambarau hubaki rangi ya nyasi kavu. Hapa Minnesota hatuikati. Tunaipulizia rangi ya kopo, ikasimama bustanini mpaka theluji. Hata mchungaji wa kanisa letu hupaka.

Basi dada yangu Verla akapaka kimoja buluu. Asubuhi yake Orrin Tveit, mgane wa nyumba ya mbele, akaja mbio na ndara.

"Bi Verla! Kitunguu gani hiki? Buluu hii sijapata kuiona!"

Dada, mwanamke wa miaka sabini mwenye mdomo kama wembe, akalegea. "Hata sijui, Bwana Orrin. Labda unisaidie kukitambua."

Nilitaka kumfinya.

Kesho yake Orrin akaja na kitabu cha maua. Keshokutwa akaja na rula, akapima bua, akahesabu vijiua, akapoteza hesabu, akaanza upya. Verla akawa anamkatia pai ya cheri, anajipaka wanja kabla ya kahawa, anaimba akipiga deki. Kwetu hata paka alishajua kinachoendelea.

"Mwambie ukweli, dada."

"Nikimwambia, atakuja kufanya nini tena hapa?" Machozi yalimlengalenga.

Jumatatu Orrin akatangaza, mdomo umejaa pai: "Alhamisi naleta chama kizima cha bustani! Huenda wakakipa jina lako!"

Verla akaweka kisu chini. "Orrin, ni rangi. Nimekipulizia mwenyewe."

Alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Mimi nilijificha nyuma ya mlango wa friji.

"Najua," Orrin akasema.

"Unajua?"

"Kitunguu hunuka kitunguu. Hiki tangu siku ya kwanza kinanuka gari jipya."

"Sasa rula ya nini, mzee mzima?"

"Ningebisha hodi niseme nini?"

"Na hicho chama?"

"Chama gani? Nilitaka kuona utavumilia mpaka lini!"

Dada akamrushia taulo la vyombo, likamkaa kichwani. Nilicheka hadi nikashikilia sinki, na wao wakacheka kwa sababu yangu, halafu kwa sababu yao.

Orrin akajifuta macho, akakohoa kidogo. "Basi kesho kipake njano, nipate wiki nyingine ya kukitambua."

"Njano sina," Verla akasema. "Wewe njoo tu."