Jina Lisiloitikiwa

Kwetu Mugango mtoto akishikwa na homa isiyo na kichwa wala miguu, watu hawaulizi anaumwa nini. Wanauliza anadaiwa jina na nani. Kuna marehemu anataka kuitwa, kwa hiyo anamkalia mtoto mpaka apewe jina lake. Bibi wa mji, yule mkongwe wa familia, anachukua unga wa ulezi, anampaka mtoto kwenye paji la uso, anataja wafu wa ukoo mmoja baada ya mwingine. Homa ikishuka, jina lililotajwa mwisho ndilo linabaki, na la zamani linazikwa. Homa ikirudi, hakuna anayesema bibi alikosea. Watasema kuna mtu kalitamka la zamani, na hapo ugomvi wa majirani unaanza.

Mimi Justina nimekaa dirisha la mapokezi kwenye zahanati yetu miaka kumi na minne. Mambo hayo niliyaona ni ya nyumbani tu, hayamdhuru mtu. Nilikuwa mjinga, na ujinga wangu umeandikwa kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Niliugundua siku niliyopanga upya kabati la mafaili. Kulikuwa na faili la Debora Bernado, miaka saba: homa siku tatu, tumbo, malaria hakuna, ametibiwa UTI. La Nyanjura Bernado, miaka minane: homa siku tatu, tumbo, kifundo cha mguu kimekuwa chekundu, malaria hakuna, ametibiwa taifodi. La Nyabise Bernado, miaka tisa: yale yale, na UTI tena. Mama wa wote watatu ni Consolata. Consolata ni wifi yangu, mke wa kaka yangu Bernado anayevua Kisorya, na ana binti mmoja tu.

Nilikuwa nimemwandikisha mtoto wa kaka yangu kama watoto watatu. Jina jipya, faili jipya. Kila tabibu aliyefungua faili aliona homa moja, akaitibu hiyo moja, akamruhusu aende. Nyumbani mama yangu, Bibi Yunis, ndiye aliyekuwa akitoa majina, na alikuwa akisifiwa, kwa sababu homa ile hukaa siku tatu na kuondoka yenyewe. Ukitoa jina siku ya tatu, utakuwa bingwa.

Niliyafunga mafaili yote kwa uzi mmoja, nikampeleka mtoto kwa daktari mmoja Musoma, anaitwa Mugeta, mtu mpole asiyependa kukata maneno ya watu. Aliyasoma mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwenu nani mwingine alikuwa hivi?"

Nikaanza kuhesabu. Baba yangu Makongoro, homa za siku tatu tangu utoto, akavimba miguu, akafa ana miaka arobaini na minne. Shangazi Scholastika, vivyo hivyo. Ndugu zetu waliohamia Butiama, wawili. Majirani walikuwa na msemo juu yetu: wale hawafi uzee, wanakufa miguu. Nimekua nikiusikia na sikuwahi kuuliza.

"Siwezi kukuapia," daktari alisema. "Damu ingepimwa mbali huko ndiyo tungekuwa na uhakika. Lakini inafanana na homa za kurithi, zinatembea kwenye ukoo. Homa yenyewe haimuui mtu, dada. Kinachomuua ni kile inachoacha kwenye figo kila inapopita."

Alichovya kijiti kwenye mkojo wa mtoto, akakilinganisha na rangi za kwenye kopo. Njano ilikuwa imeanza kuelekea kijani, kidogo sana, dalili kwamba figo zimeanza kuvuja. "Bado tuna nafasi," akasema. "Kidonge kimoja kila siku, maisha yake yote. Asikose." Ilikuwa dawa ile ile wanayopewa wazee wenye gauti. Angeituma kila mwezi kwa basi, kifurushi kimeandikwa jina. Akauliza jina gani. Nikampa lililoko kwenye cheti cha kuzaliwa, kwa sababu serikali haimjui Nyabise. Debora Bernado.

Miezi miwili ya kwanza mambo yalikwenda vizuri mno. Kifurushi kilifika, nikamkabidhi wifi mkononi, bila kuita jina la mtu. Homa zikawa fupi, kisha zikapotea. Consolata akaanza kunenepa usoni. Mama yangu hakuwa mbishi. Alisema marehemu Nyabise ameridhika, basi. Nikamwachia ushindi wake. Kama mtoto anameza kidonge, marehemu na asifiwe.

Kisha nikapelekwa Bunda miezi sita, kushika nafasi ya mwenzetu aliyekwenda likizo ya uzazi. Dirishani wakamweka Clementi, mtu wa Tarime, mchapakazi, anayeandika herufi nzuri kuliko zangu. Nilimwonyesha kabati. Nilimwonyesha droo ya vifurushi. Nilimwambia mama wa mtoto atakuja kuchukua kila mwisho wa mwezi. Nikapanda gari nikiwa na amani.

Kutoka Bunda nilipiga simu kila Jumapili. "Mtoto anaendeleaje?" Nilisema mtoto, kama sote tunavyosema nyumbani, maana ukishazoea kuogopa majina unakwepa yote. "Homa inakujaga, inaendaga," wifi alijibu. "Mnapewa dawa?" "Tunapewa, wifi." Sikuuliza dawa gani. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuuliza, na jibu ni kwamba nilitaka kusikia hilo hilo.

Niliporudi Mugango, kitu cha kwanza nilichofungua ni droo. Vifurushi sita vilikuwa humo, vimepangwa kwa tarehe, havijaguswa.

"Nimeitaga kila mwezi, dada," Clementi alisema. "Nasimama hapo mlangoni naita kwa sauti, Debora Bernado, mara tatu. Haitikii mtu. Naandika hakuja."

Sikumgombeza. Nilikwenda nyumbani kwa kaka nikitembea haraka, na njiani tayari nilikuwa najua. Consolata alikuwa anaanika dagaa uani. Nilimuuliza kama alikuwa akienda zahanati mwisho wa mwezi.

"Nilikuwaga naenda. Nilikaa pale pale kwenye benchi."

"Na ulimsikia anaita?"

"Nilimsikia." Aliendelea kutandaza dagaa. "Nilikuwa nainamisha kichwa mpaka amalize. Siku moja nikamfuata dirishani, nikamwambia mimi ndiye mama Nyabise. Akaniambia dawa ya Nyabise hakuna, ipo ya mwingine. Ningesemaje, wifi? Niseme ndiye huyo huyo? Mtoto nimempakata hapa, ana homa, nilitie lile jina mdomoni?" Akafuta mikono kwenye kanga. "Akamwandikia Nyabise panadol. Ndiyo hiyo tuliyokuwa tunapewa."

Mtoto alitoka ndani kunisalimia. Shikamoo yake ilikuwa ya kuchoka, na kope zilikuwa zimevimba kama za mtu aliyelia usiku kucha. Nilichuchumaa, nikaubonyeza mguu wake kwa dole gumba, juu kidogo ya kifundo. Shimo likabaki. Nilisubiri lijae na halikujaa. Nimewahi kuona shimo kama lile kwenye mguu wa baba yangu, na nilihisi hofu ambayo sijui niiweke wapi mpaka leo.

Kesho yake tulikuwa Musoma, mimi, wifi na mtoto. Nimebeba vifurushi vyote sita kwenye mkoba. Benchi lilikuwa refu, limejaa watu. Consolata alimlaza mtoto mapajani, na muuguzi akatokea mlangoni na karatasi.

"Debora Bernado."

Wifi akainamisha kichwa.

"Debora Bernado," muuguzi akarudia, akiangalia huku na huku. Nyuma yake kulikuwa na wagonjwa arobaini wengine. Nilimwona anageuza karatasi kutafuta anayefuata. Miezi sita ilikuwa imepotea hivyo hivyo, mbele ya macho ya mama mzazi.

Nikasimama. "Yupo," nikasema. "Debora ni huyu hapa."

Sikuwa nimemaliza kukaa mtoto alipoanza kutetemeka. Kwanza taya, kisha mabega, kisha mwili wote, meno yakigongana hadi jirani yetu akasogea. Baadaye nilihesabu siku: tangu homa iliyopita zilikuwa zimepita ishirini na mbili, na kawaida yake ilikuwa wiki tatu. Ingekuja hata kama ningekaa kimya. Lakini hesabu ya baadaye haina kazi kwa mama ambaye ameona kwa macho yake.

Consolata hakupiga kelele. Alimfunga mtoto mgongoni kwa kanga, taratibu, kama mtu anayejiandaa kwenda shambani. Nilimshika mkono nikamwambia daktari yuko mlango wa pili, dawa ninayo hapa, hatua kumi tu. Aliutoa mkono wangu kidole kimoja kimoja.

"Dawa yako utampa huyo uliyemwita," akasema. "Huyu wangu anaitwa Nyabise."