Salamu ya Heshima ya Mama Mdogo

Natangaza kwa unyenyekevu kwamba mimi, Maxime, mwanafunzi wa bweni wa miaka kumi na sita, niliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya vita na si kwa sababu ya tabia, ndiye niliyekuwa mtaalamu pekee wa Kiingereza katika nyumba yetu. Ndiyo maana mama mdogo Mathilde, aliyekimbia mapigano ya Ruziba na binti yake Carmen, wakawa wanalala sebuleni kwetu, alinijia mimi. Shirika moja la wageni huko mtaa wa Kigobe lilitafuta msimamizi wa jikoni, na mkurugenzi alikuwa mama kutoka Zambia asiyejua Kifaransa.

Mama mdogo alikuwa na swali moja tu. Kifaransa kina "vous" ya wakubwa na "tu" ya marafiki. Je, salamu ya "vous" kwa Kiingereza ni ipi?

Nilikunja uso kama padri. Nikamweleza kwamba "Good morning, madam" ni ya watoto na wauza karanga. Mtu wa heshima huambiwa "Hey, man". Aliirudia mara ishirini, akiinamisha kichwa kila mara, nami nikaenda kucheka uani.

Kicheko kiliniisha asubuhi ya usaili. Bunduki za milimani zilikuwa zimetukesheza. Nilimkuta Mathilde akifunga nguo za Carmen kwenye kitenge.

"Wakinikatalia, tunarudi Ruziba leo," alisema. "Baba yako amechoka na sisi, hata kama hasemi."

Wiki iliyotangulia, huko Ruziba, risasi zilikuwa zimetoboa paa la jirani yake. Mathilde akaondoka kwenda Kigobe.

Nilichukua baiskeli ya baba bila ruhusa. Pale mtaa wa Asiatique askari wa kizuizi cha barabarani akanisimamisha, akauliza haraka ya nini. Nikamjibu kwa adabu zote kwamba nakwenda kusahihisha salamu. Hakucheka. Aliniweka kando ya barabara karibu saa nzima, nikikaa, nikisimama, nikikaa tena, huku kila gari lililopita likielekea Kigobe bila mimi.

Nilipofika, Mathilde alikuwa akitoka getini. Nikaungama yote palepale, mbele ya mlinzi, Mkongomani aitwaye Namegabe. Mama mdogo alisikiliza bila kutikisika.

"Kwa hiyo nimesalimia mukubwa kwa maneno ya vijana wa barabarani."

"Ndiyo, mama mdogo."

Ndipo akanisimulia. Aliingia, akainama, akanyoosha mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, kama tunavyofanya sisi, akasema "Hey, man" polepole kama anasali. Yule mama alikunja uso. Kisha akatazama kile kiwiko, naye akashika chake: kumbe kwao pia mkubwa hupewa mkono hivyo. Akamwita Namegabe aje kutafsiri, akauliza Mathilde anaweza kupikia watu wangapi.

"Naanza kesho," alisema mama mdogo. "Lakini we, mutoto, unanisalimiaka kama mwenzako. Kuanzia leo, mi ni 'vous'."

Jioni ile kitenge cha nguo za Carmen kilifunguliwa. Na kila asubuhi, kabla Mathilde hajaenda kazini, nasimama mlangoni, nashika kiwiko na kutamka "Good morning, madam", huku Carmen akiwa amewaleta watoto wa majirani kutazama.

"Hey, man," ananijibu mama mdogo, na kupita.