Cherehani ya Nekesa

Mke wangu Nekesa alikufa Februari. Kufikia Juni nilikuwa nimempelekea Triza pesa za deni la marehemu wiki tisa, na bado Triza alikuwa ananiambia halijaisha.

Triza ni mwenyekiti wa chama cha akina mama hapa Kayole. Wanawake kumi na wawili wanakopa kwa kampuni fulani ya mikopo, kila mmoja akimdhamini mwenzake. Ukishindwa kulipa, wenzako wanakuja kwako kubeba kitu. Nekesa alikuwa ameandikisha cherehani yake kuwa dhamana, ile aliyoshonea sare za shule miaka kumi na minne.

Mimi ni fundi wa vitanda Gikomba. Nilikuwa, mpaka wakubwa wakaleta tingatinga alfajiri wakasema vibanda vyetu viko kwa barabara. Barabara yenyewe mpaka leo haijajengwa. Basi nikakosa kulipa wiki tatu, na Jumanne Triza akasimama mlangoni pangu na Asenath, jirani yangu wa ploti, ambaye pia ni mwanachama.

"Shemeji, habari ya siku?" Triza akasema. Macho yake yalinipita yakaenda kwa cherehani.

"Unanisalimia mimi au hiyo mashine?"

Asenath akacheka kidogo.

"Ijumaa tutakuja kuichukua," Triza akasema. "Tumengoja vya kutosha."

"Na bima? Nekesa alikatwa pesa ya bima siku ya kupewa mkopo. Mtu akifa, deni linazikwa naye. Kibali cha mazishi nilikupa kwa mkono wangu."

"Mambo ya ofisi huchukua muda, Baba Wakoli." Alisema hivyo akiangalia viatu vyake.

Nimesoma mpaka darasa la tano tu, lakini hayo hayahitaji shule. Na viatu vilikuwa vipya. Nikaona kama naona pesa yangu imevaliwa.

Kesho yake nikatembea kwa miguu mpaka ofisi ya hiyo kampuni mjini. Askari aliniuliza mara tatu nimetumwa na nani. Msichana wa kaunta akaandika jina la Nekesa kwa kompyuta.

"Hili deni lilifungwa Machi, mzee. Bima ililipa."

"Na hizo wiki tisa nimelipa mimi?"

"Hapa hakuna kitu kimeingia tangu Machi."

Sikumwendea Triza. Ukimwendea mwizi kwanza unampa nafasi ya kupanga maneno. Nilimwendea Asenath, nikamkuta anaanika nguo.

"Pesa ninazompa Triza zinaenda wapi?"

Aliendelea kuanika. "Zinatufikia, zamu kwa zamu. Mimi nilipata yangu Mei."

"Yako ya nini?"

"Nekesa alipougua alikosa kulipa wiki kumi na tano. Kampuni haingojei mgonjwa. Tulimlipia sisi, mifukoni mwetu. Bima ililipa salio tu, si hizo tulizotoa."

"Sasa mbona mkasema ni deni la kampuni?"

"Kampuni unaiogopa. Sisi ungetutukana." Akabana shati kwenye kamba. "Ni Nekesa alisema hivyo. Alituapisha tusikwambie."

Hapo nikaanza kumshuku hata marehemu. Nilimlisha uji kwa kijiko miezi mitatu, kumbe siri yake iko kwa wanawake kumi na mmoja. Nilikaa kwenye kiti chake cha kushonea, nikajaribu kukumbuka ni siku gani nilimpa sababu ya kuniogopa. Nilizipata zaidi ya moja.

Ijumaa Triza alikuja na wanawake wanne, Asenath akiwa kati yao.

"Nilienda ofisini," nikamwambia.

"Nimesikia. Basi unaweza kukataa, shemeji. Hakuna karatasi inayokufunga kwetu. Hata chifu tukimwendea tutamwambia nini?"

"Mngeniambia tangu mwanzo."

"Ungelipa?"

Nilitaka kusema ndiyo. Wote walikuwa wananitazama.

"Singelipa."

"Na sasa?"

Kampuni ilichukua riba, ikachukua bima, ikachukua na faini ya kila wiki Nekesa aliyochelewa akiwa kitandani. Hakuna mkubwa wao hata mmoja aliyeonekana matangani. Hawa walikuja, wakapika, wakaosha sufuria. Siwapendi kwa hilo, lakini walikuja.

"Bado wiki sita," nikasema. "Nikipata kazi nitalipa. Mpaka hapo cherehani ikae kwa Asenath. Si kwako, Triza."

"Kwa nini si kwangu?"

"Kwa sababu ulinidanganya vizuri sana."

Wakacheka, hata yeye. Mmoja akashika mashine kwa gurudumu. Nikamwondoa mkono, nikakifungua kichwa cha mashine mwenyewe, nikakibeba kifuani mpaka nyumba ya tatu, wao nyuma yangu na meza. Kwa Asenath nikavuta droo mbele yao wote, nikahesabu sindano moja moja, nikamwambia Triza aandike.