Namba ya Boti ya Tatu

Redio iliyokuwa ndani ya boti ya pili ilibeba namba ya boti ya tatu. Aliyeifunga humo ni Elmi, kwa bisibisi yake mwenyewe, na hakumwambia mtu.

Ilikuwa Desemba ya mwaka wa tisini na saba, mwaka wa Elnino. Barabara ya Malindi ilikatika, ya Hola ikakatika, Garsen ikabaki kisiwa. Shirika moja la misaada lilileta boti tatu za faiba, na kila boti ikafungwa redio ya majini, zile mpya zenye kitufe chekundu chini ya kifuniko. Ukikishikilia kitufe kile mpaka redio ilie, inatuma yenyewe namba ya tarakimu tisa. Huhitaji kusema neno. Namba hiyo hufika hata pale ambapo sauti inafia njiani. Kifaa cha kuonyesha boti iko wapi hakikuja, kiliahidiwa tu. Redio ya nne, kubwa kuliko zote, ilikaa katika ghala lililojengwa juu ya kilima kidogo, antena yake imefungwa kwenye tangi la maji. Hapo ndipo alipokaa Elmi.

Elmi alikuwa na duka. Sasa maji yalikuwa yamefika rafu ya pili, sukari yote imekwenda na mto, na mkewe Hibaq alikuwa Garissa na watoto kwa kaka zake. Kazi ya redio alipewa kwa sababu alijua kusoma na hakuwa na pa kwenda. Alilala ghalani juu ya magunia matupu. Alipika chai, akainywa, akapika nyingine. Kuna siku zilipita bila kuzungumza na mtu mwenye uso. Zilikuwa sauti tu, na katika sauti hizo aliyoisubiri ilikuwa moja.

“Warya Elmi! Uko hai, au chai imekuua?”

Huyo ni Jairus, Mpokomo wa Chara, nahodha wa boti ya pili, akimwita Msomali kwa Kisomali.

“Niko hai, mla kambare. Sema ulipo.”

“Niko nyumbani. Watu wanakula chakula cha watu hapa. Wewe kaa huko unyonye ngamia.”

“Ngamia hana miba, Jairus.”

“Wala hana ladha. Haya, abiria watano, ninakuja.”

Basi. Mazungumzo yenyewe hayakuzidi hayo, mara tatu kwa siku: saa moja, saa saba na saa kumi na moja. Lakini Elmi alianza kuitazama saa yake nusu saa kabla, na yakishaisha alibaki ameishika maiki mkononi kama mtu aliyeshikilia mlango mgeni akishaondoka.

Siku moja maiki ya Jairus ikaingia maji, sauti yake ikawa ya mtu aliyefungiwa ndani ya debe. Elmi hakuweza kuvumilia. Boti ya tatu ilikuwa imefungwa chini ya ghala, mashine yake imekufa, inangoja spea. Elmi akashuka na bisibisi, akaing'oa redio nzima ya boti ya tatu, kwa kuwa maiki haichomoki peke yake, akampa Jairus, na ile mbovu akaifunga kwenye boti ya tatu. Skrubu nne hapa, skrubu nne pale. Robo saa ilitosha.

“Sasa nakusikia vizuri,” alisema Jairus jioni ile. “Bahati mbaya yangu.”

Elmi alicheka peke yake ghalani.

Susan, mwalimu aliyetoka Mombasa kuwafundisha zile redio, alikuwa amesema: namba iko ndani ya redio, si kwenye boti, redio ikihamishwa, andikeni. Elmi alimsikia, akaitikia kwa kichwa. Lakini alielewa kama mtu aliyezoea magari. Gari ukilibadilishia redio, namba yake si ile ile? Boti zilikuwa zimeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe, 1, 2, 3, na ukutani palikuwa na karatasi: namba hii ni boti hii. Hilo lilimtosha.

Na jambo hili, kati ya watu wote, yeye alilijua tangu utoto. Kwao, ngamia huvaa kengele ya mti, na kila kengele ina sauti yake. Mchungaji halioni kundi porini; anasikia kengele, anajua ni ngamia gani na yuko upande gani. Ngamia mwenye kengele akifa, inavalishwa mwingine, na jioni hiyo hiyo baba yake alikuwa akisimama katikati ya boma na kutangaza kwa sauti: kengele ya fulani sasa iko kwa fulani. Hakuna aliyekula kabla ya tangazo hilo. Elmi alihamisha kengele na hakutangaza. Angemtangazia nani? Ghalani alikuwa yeye na birika.

Halafu kulikuwa na Tahir, fundi wa mashine. Tahir alikuwa mtu wa mzaha. Wiki ya kwanza alibonyeza kile kitufe chekundu mara mbili ili tu amwone Elmi akitoka mbio na kikoi kinamwanguka. Elmi alibonyeza kitufe cha kunyamazisha, redio ikanyamaza. Dakika nne baadaye ikalia tena. Ndivyo zilivyotengenezwa: boti inaita na inarudia mpaka ijibiwe. Basi akajifunza kubonyeza kile kingine, cha kujibu, kinachoiambia boti kwamba imesikika. Kwa hicho kelele ziliisha kabisa. Susan aliwaonya juu ya hicho pia. Alisema, “Ukikibonyeza, umempa mwenzako ahadi.”

Siku tano baada ya kubadilisha redio, saa tano na dakika ishirini asubuhi, redio ya ghalani ililia. Mlio ule hausahauliki, ni kama kuku anayekamatwa. Kwenye kioo zikatokea tarakimu tisa, na mahali pa kuonyesha boti iko wapi, vistari vitupu. Elmi akatazama karatasi ukutani. Boti ya tatu. Akatazama dirishani. Boti ya tatu iko pale pale imefungwa, na Tahir ndani yake, ameinama kwenye mashine.

“Tahir! Acha mchezo wako, mshenzi wewe!”

Tahir hakusikia vizuri. Alidhani anaitiwa chai. Akainua mkono.

Elmi akauona ule mkono, akautukana, akabonyeza kitufe cha kujibu. Redio ikanyamaza. Baada ya hapo ilikoroma kwa muda, shhh, shhh, kama mtu anayekaanga kitu mbali. Akaipunguza sauti, akarudi kwenye chai yake.

Saa saba Jairus hakuita. Elmi alimwita yeye.

“Boti ya pili, boti ya pili. Jairus. Mla kambare, kituo kinakuita.”

Hakuna. Akaita tena, na tena, hata mzaha ukamwishia mdomoni, akawa anaita jina tu. Saa saba na nusu alishuka mbio mpaka kwenye boti ya tatu.

“Tahir, asubuhi ulibonyeza saa ngapi?”

“Nibonyeze nini?”

“Kitufe! Kile chekundu!”

“Mzee, hii redio haina hata moto. Betri niliitoa jana, tazama, iko kule kwenye jiwe.”

Elmi akaitazama betri. Akaitazama redio, na zile skrubu nne alizozikaza mwenyewe. Akakaa chini kwenye matope.

“Mzee, vipi?”

“Kengele,” alisema Elmi. “Nimehamisha kengele.”

Tahir hakumwelewa, na hakukuwa na muda wa kumweleza. Elmi alirudi juu akaiita boti ya kwanza kwa namba yake. Kaviha, nahodha wake, alikuwa anarudi kutoka upande wa Ndera na mifuko ya unga.

“Jairus yuko wapi hasa?” aliuliza Kaviha.

“Sijui. Kati ya Chara na hapa.”

“Hapo katikati ni bahari sasa, Elmi.”

“Najua. Nenda.”

Kaviha alipita chini ya ghala bila kusimama. Elmi alitaka kwenda naye, lakini nani angekaa kwenye redio? Alisimama dirishani mpaka mlio wa mashine ukapotea. Akakaa.

Saa tisa na nusu Kaviha akaita, akasema aliyoyakuta.

Jairus alifika ghalani kesho yake, miguu mitupu. Hakukaa.

“Tulipasukia kwenye kisiki,” alisema. “Boti ikakwama juu yake, maji yakaingia polepole. Niliita kwa mdomo, hukusikia. Nikabonyeza. Kichuguu kilikuwa hatua sitini, maji ya kifua. Nilikuwa nimeshafunga kamba kiunoni niwavushe mmoja mmoja. Ndipo redio ikalia: nimejibiwa.”

Elmi aliweka birika chini.

“Nikafungua kamba. Nikawaambia watu, tulieni, Msomali wangu amesikia. Wengine walipiga makofi. Tukangoja. Maji yakafika kwenye betri, redio ikafa, tukangoja tu. Karibu saa nane kisiki kikatuachia, mkondo ukatuchukua.”

“Nilidhani ni Tahir.”

“Ulijibu, Elmi.”

“Nilijibu.”

Jairus aliichukua maiki mezani, akaigeuza, akairudisha mahali pake. Akatoka.

Wiki iliyofuata alipewa boti ya tatu, ilipopona. Aliita saa moja, saa saba na saa kumi na moja, bila kukosa. “Kituo, hapa boti ya tatu. Chara. Abiria wanne. Mwisho.” Elmi alijibu, “Kituo, nimepata.” Saa yake hakuitazama tena kabla ya wakati.

Susan aliporudi aliomba hesabu, na Elmi akamwandikia kwenye karatasi. Tangu kubonyezwa kitufe mpaka Kaviha kufika: saa nne na dakika kumi. Waliokuwa ndani ya boti: saba. Waliokutwa hai: watano. Abdinur, mchungaji aliyekuwa ameshapoteza ng'ombe wake wote, alipatikana siku ya pili. Kadii, aliyekuwa akipelekwa kujifungua, alipatikana siku ya nne. Wawili, na wa tatu tumboni.